Mti wa Matunda wa Kubebesha

Mwezi huu twajifunza habari za miti ya matunda ipandwayo karibu na nyumba. Baadhi ya watu wa Mkula waliofika Lushoto, katika milima ya Usambara, wameonja huko mapeasi, nao huuliza: Je, mti huo twaweza kuupanda kwetu?

Ili kujibu, yatupasa kuujua mpeasi wenyewe. Asili yake ni nchi za baridi. Majira ya baridi hupukutisha majani na kulala, na aina zake nyingi hazichanui vema zisipopata mamia ya saa za baridi iliyo chini ya nyuzi 7 hivi. Mji wa Lushoto uko katika kimo cha meta 1,400 hivi, na milima yake hupanda zaidi; kwa hiyo baridi ya Juni hata Agosti huufaa mti huo. Lakini Mkula, upande wa Ziwa Victoria, haina usiku wa baridi ya namna hiyo. Mtu aupandaye huku aweza kuumwagilia miaka mingi, akavuna majani tu. Fedha ya mche imepotea, na miaka hairudi.

Hata hivyo mpeasi una fundisho kwetu. Katika Uingereza iko peasi iitwayo Williams, iivayo yapata mwanzo wa Septemba. Mti wake wa kwanza uliota Aldermaston karibu na mwaka 1770. Aina hiyo haizalishwi kwa mbegu, maana mbegu ya peasi hutoa mti wenye tunda jingine. Watu walikata vijiti vya mti ule, wakavibebesha juu ya miche mingine. Na hivyo tunda lilelile likafika hata Marekani, ambako huitwa Bartlett.

Basi, kazi hiyohiyo yaufaa mwembe, mti upendao joto letu. Kokwa la embe tamu huenda likatoa mti wa maembe makali yenye nyuzi, nawe utangoja miaka 5 hata 8 kabla ya kujua. Mwembe uliobebeshwa huanza kuzaa mwaka wa 3 au wa 4, na tunda lake ni lile ulilolichagua.

Kazi yenyewe ni hii:

1. Otesha makokwa. Mche ukiwa mnene kama kalamu, ukate kichwa, uupasue katikati kwa kina cha sentimeta 3 au 4.

2. Chukua kikonyo, yaani ncha ya tawi la mwembe mwema uzaao, urefu wa sentimeta 10 hata 15. Kichonge kama kabari kwa kisu kikali na safi.

3. Kiingize katika mpasuko. Ngozi ya kijani iliyo chini ya gome la kikonyo na ile ya mche zigusane, walau upande mmoja. Zisipogusana, kikonyo kitakauka.

4. Funga kwa utepe wa plastiki, funika kwa mfuko mwembamba, weka kivulini. Baada ya majuma 3 au 4 machipukizi huonekana.

5. Mche ukisha kupata nguvu, upande mvua zianzapo, katika shimo la sentimeta 60 kila upande, lenye samadi iliyooza. Zungushia miiba, maana mbuzi hawangoji.

6. Kila chipukizi litokalo chini ya kiungo, ling'oe. Hilo si la kikonyo, bali la mche wa chini. Likiachwa litaushinda mti mwema, nawe utarudia maembe ya kokwa.

Sasa jibuni maswali haya nyumbani, wazee kwa watoto: Kwa nini mpeasi haufai Mkula? Kwa nini mbegu ya tunda tamu haitoshi? Ni mwembe upi katika kijiji chenu ustahilio kukatwa vikonyo? Mkisha kuujua, mwombeni mwenyewe ruhusa, mkaanze.