Zamia Kwanza, Tembea Baadaye: Panga Siku na Pesa za Likizo Yako ya Pwani

Jua la Januari likiwaka hapa Machakos, kila mtu anawaza maji. Wengine wanaishia bwawa la Maruba kupunga upepo. Wengine wanasema mwaka huu lazima Pwani, tena si kukaa ufukweni tu: wameona video za watu wakizamia baharini pamoja na kasa, na wao pia wanataka.

Kama wewe ni wa kundi hili la pili, somo la leo ni lako. Utajifunza mambo mawili:

1. Kwa nini mtu anayekaa Machakos anafaa kuzamia mwanzoni mwa safari na kutembelea vivutio mwishoni.
2. Jinsi ya kulipa kwa simu ili pesa zako zisikusukume kufanya kinyume.

Nianze na kosa langu

Januari mwaka jana, mimi na wenzangu watatu tuliosoma chuo pamoja tulienda Watamu. Ratiba yetu ilikuwa hivi: Ijumaa kusafiri, Jumamosi kutembea Gede, Jumapili kupumzika, Jumatatu asubuhi kuzamia, halafu tushike njia tulale nyumbani. Tulitaka kumaliza na kitu kizuri zaidi, kama mtoto anayeacha nyama iwe ya mwisho kwenye sahani. Na ili tusikose nafasi, tulilipa pesa yote ya kuzamia wiki mbili kabla ya safari.

Jumapili jioni tukapita kujaribu vifaa. Mwalimu wa kuzamia akatuuliza, "Mnarudi lini, na mnakaa wapi?"

Tukamwambia: kesho mchana, Machakos.

Akaweka vifaa chini. "Basi kesho hamzamii."

Tukabisha. Hatupandi ndege, tunapanda gari! Akasema, "Machakos iko juu." Mwenzetu mmoja akatoa hoja ya mwisho: "Lakini kaka, tumeshalipa." Mwalimu akacheka. "Damu yako haijui kama umelipa."

Jumatatu tukaogelea juujuu tu kwa miwani na mrija. Nusu ya pesa ilirudi, nusu ikapotea, kwa sababu kabla ya kulipa hatukuwa tumeuliza lolote. Nilikasirika mpaka nilipoelewa alichokuwa akituepusha nacho.

Kwa nini urefu wa Machakos ni muhimu

Ni hivi. Ukiwa ufukweni, hewa inakubana kwa kiwango fulani. Ukishuka mita 10 chini ya maji, mgandamizo unakuwa mara 2 ya ule wa juu. Ukifika mita 18, ambayo ndiyo mipaka ya mtu mwenye cheti cha kwanza cha kuzamia, unakuwa karibu mara 2.8.

Hewa iliyo kwenye mtungi wa kawaida wa kuzamia ni hii hii tunayovuta kila siku, na karibu asilimia 78 yake ni nitrojeni. Mwili hauitumii nitrojeni. Lakini chini ya mgandamizo mkubwa, nitrojeni hiyo inaingia kwenye damu na misuli na kuyeyuka humo, kama gesi iliyoyeyuka ndani ya soda. Ukipanda polepole kama mwalimu anavyokuelekeza, nyingi inatoka kupitia mapafu bila shida. Nyingine inabaki mwilini kwa saa kadhaa, na wewe huisikii.

Sasa fikiria chupa ya soda ikifunguliwa haraka. Povu! Kupanda mahali pa juu muda mfupi baada ya kuzamia kunaweza kufanya hivyo hivyo mwilini: mgandamizo unapungua na ile nitrojeni inatoka ikiwa mapovu. Ugonjwa huo huleta maumivu ya viungo, ganzi, kizunguzungu au uchovu usio wa kawaida, na dalili zinaweza kuanza saa kadhaa baadaye. Ukizidi unaweza kumwacha mtu amepooza.

Ndiyo maana wazamiaji huambiwa wasipande ndege mara moja. Ndani ya ndege ya abiria, hewa hudumishwa kama ya mahali penye urefu wa hadi mita 2,400 hivi. Mji wa Machakos uko takribani mita 1,600 juu ya usawa wa bahari. Kwa hivyo gari au treni ya kurudi nyumbani inakufanyia jambo linalokaribia la ndege.

Subiri muda gani? Divers Alert Network, shirika la kimataifa la usalama wa wazamiaji, lina miongozo iliyotokana na mkutano wa wataalamu wa mwaka 2002. Inahusu kupanda hadi urefu wa kati ya mita 600 na 2,400:

- Ukizamia mara moja tu: angalau saa 12.
- Ukizamia mara kadhaa, kwa siku moja au siku mfululizo: angalau saa 18.

Mimi siku hizi nasubiri siku nzima, saa 24. Ni rahisi kukumbuka, na inakupa siku moja ya kutembea bila haraka.

Ratiba ya siku nne inayofanya kazi

*Siku ya kwanza, Ijumaa: safari.* Kituo cha treni cha Athi River kiko hapa hapa Kaunti ya Machakos, kwa hivyo huhitaji kwenda mpaka Nairobi. Panda treni ya asubuhi ile inayosimama vituoni, shuka Miritini, kisha chukua gari la kwenda Watamu, kama kilomita 105 kaskazini mwa Mombasa. Lala mapema na uache pombe. Kesho kuna kazi.

*Siku ya pili, Jumamosi: kuzamia.* Watamu na Malindi zilitangazwa hifadhi za bahari mwaka 1968, na ni kati ya za kwanza kabisa Afrika. Msimu wa kaskazi, kuanzia Novemba hadi Machi hivi, bahari huwa tulivu na maji huwa maangavu. Msimu wa kusi mawimbi hupanda na huoni mbali.

Kama hujawahi kuzamia, omba kuzamia kwa majaribio. Unashuka na mwalimu, si zaidi ya mita 12, na umri wa chini ni miaka 10. Kozi ya cheti ni jambo lingine: huchukua siku tatu au nne, na lazima uweze kuogelea mita 200 na kuelea dakika 10. Utapewa fomu ya maswali ya afya. Ijaze kwa ukweli. Ukiwa na pumu, mafua, shida ya masikio au ujauzito, sema kabla ya kuingia majini.

*Siku ya tatu, Jumapili: kutembea.* Nitrojeni inatoka, na wewe unaona nchi yako. Anza na magofu ya Gede, dakika chache tu kutoka Watamu. Huu ni mji wa Waswahili uliojengwa kwa mawe ya matumbawe, ulioanza karne ya 12 hivi na kuhamwa kufikia karne ya 17. Utaona msikiti mkuu, kasri, visima na nyumba zilizomezwa na mizizi ya miti. Wachimbaji walipata humo vyombo vya kaure kutoka Uchina, dalili ya jinsi biashara ya watu hawa ilivyofika mbali. Mwaka 2024 UNESCO iliiweka Gede kwenye orodha ya Urithi wa Dunia.

Ukiwa na muda, pitia mikoko ya Mida, kisha shuka Mombasa jioni. Lala huko, maana treni ya asubuhi haisubiri mtu anayetoka Watamu. Ukifika mapema, tembea Mji wa Kale na Fort Jesus, ngome ambayo Wareno waliijenga kati ya 1593 na 1596.

*Siku ya nne, Jumatatu: nyumbani.* Ukiwa ulitoka majini Jumamosi saa sita mchana na treni inaondoka Jumatatu asubuhi, umepumzika zaidi ya saa 40. Panda treni bila wasiwasi.

Je, unataka kurudi majini Jumapili? Ogelea juujuu kwa miwani na mrija. Hapo huvuti hewa ya mtungi, kwa hivyo haikuongezei ile shida ya nitrojeni.

Sasa tuje kwa pesa

Shida yetu ilianzia kwenye simu. Tungekuwa hatujalipa kila kitu, tusingebishana na mtu anayetuokoa. Pesa iliyokwisha kulipwa ina nguvu: inakufanya utake kuzamia hata kama bahari imechafuka, hata kama una mafua, hata kama ni siku ya mwisho. Fuata hatua hizi.

1. Weka akiba yenye lengo. Tuseme umepiga hesabu na safari yako yote ni shilingi 30,000, na una wiki 20. Hiyo ni shilingi 1,500 kila wiki. Iweke kwenye akiba iliyofungwa, mbali na salio la matumizi ya kila siku. Kama mnaenda kama chama, mweka hazina asikae na pesa za watu kwenye laini yake binafsi pamoja na zake za nyumbani.

2. Uliza kabla ya kulipa, na uulize kwa maandishi. Tuma ujumbe wenye maswali matatu:
- Bahari ikichafuka, mtanirudishia pesa au mtanihamishia siku nyingine?
- Siku hiyo nyingine ikiwa ni siku yangu ya kusafiri, itakuwaje?
- Mwalimu akiona sifai kuzamia kwa sababu ya afya, napata nini?

Majibu uyahifadhi. Anayekataa kujibu kabla ya kupokea pesa, usitegemee atajibu baada ya kupokea.

3. Lipa kwa hatua. Toa malipo ya kwanza ya kushikilia nafasi tu. Salio lilipe ukishafika, ukaona vifaa na ukaongea na mwalimu mwenyewe.

4. Soma jina kabla ya kuthibitisha malipo. Unapolipa kwa Till au Paybill, jina la biashara linapaswa kulingana na lile unalolijua. Ukiambiwa "Till ina shida leo, tuma kwa hii nambari yangu", simama kwanza. Piga simu kwa nambari nyingine ya biashara hiyo uhakikishe. Na ukikosea nambari, omba kurudishiwa muamala hapo hapo. Kila dakika inampa aliyepokea nafasi ya kuzitoa.

5. Ada za hifadhi zilipe kwa njia rasmi. Ada za hifadhi za KWS hulipwa kupitia eCitizen, si kwa pesa taslimu mkononi mwa mtu. Kama mwenye mashua anasema ada imo ndani ya bei yake, mwombe risiti ya siku hiyo.

6. Linda simu ukiwa majini. Utakuwa chini kwa dakika 40 hivi na simu iko nchi kavu. Iache imefungwa, mahali pa kuaminika, na laini yenyewe iwe na PIN yake. Usimpe mtu nambari yako ya siri ati akulipie kitu wakati unazamia. Hata awe mkarimu namna gani.

7. Tenga pesa za dharura. Hizi haziguswi kwa samaki wala kwa leso. Ni za kulala usiku mmoja zaidi kama siku za kuzamia zimesogea, au za kufika hospitali. Ukipata zile dalili baada ya kuzamia, usiendelee na safari ya kupanda bara. Nenda hospitali ya karibu na uwaambie wazi kwamba ulizamia, lini, na kina gani. Kama una bima, uliza mapema kama inagharamia kuzamia, maana nyingi haziwezi kudhaniwa tu.

Jipime

Jibu haya kabla ya kufunga ukurasa:

1. Rafiki yako amezamia mara mbili Jumapili, akatoka majini saa nane mchana. Anataka kusafiri kuja Machakos saa mbili usiku huo huo. Utamwambia nini?
2. Mwenye mashua anataka malipo yote leo, kwa nambari ya binafsi, na anasema nafasi zinaisha. Utafanya nini?
3. Umelipa yote, bahari imechafuka Jumamosi, na unaambiwa uzamie Jumatatu asubuhi kabla ya kusafiri. Utakubali?

Jibu la kwanza: alale Pwani, maana saa 6 ni chache mno; anahitaji angalau 18. La pili: usilipe, uliza maswali yako kwa maandishi na udai nambari ya biashara. La tatu: hapana. Omba kurudishiwa, badilisha uogelee juujuu, au tumia pesa za dharura usogeze safari ya kurudi.

Wenzangu na mimi tulirudi Watamu mwaka huu. Tulizamia Jumamosi, na salio tulililipa asubuhi hiyo hiyo. Mwalimu ni yule yule. Aliuliza swali lake tena, "Mnarudi lini?" Tukamjibu kwa pamoja: "Jumatatu!" Kasa tulimwona.

Kama unataka kumwona na wewe, fungua menyu ya akiba kwenye simu yako leo, andika "Pwani", na uweke ile pesa ya wiki ya kwanza.