Vijiji vya Ukuta Mmoja

Katika nchi ya Uyunani kuna visiwa vingi, vikubwa kwa vidogo, vilivyotapakaa baharini kati ya Ulaya na Asia. Kimoja katika visiwa hivyo huitwa Chios. Wasomao Matendo ya Mitume wamekwisha kuliona jina lake, maana ndicho kile kisiwa cha Kio ambacho Mtume Paulo alifika mbele yake kwa merikebu alipokuwa akienda Yerusalemu. Chios kina ukubwa wa maili za mraba 325 hivi, nacho ki karibu sana na pwani ya Uturuki, hata mtu akisimama ufukoni upande wa mashariki aiona milima ya Asia ng'ambo ya mlango wa bahari.

Kaskazini mwa kisiwa ni milima mirefu ya mawe. Kusini ni vilima vya chini na mabonde makavu, na huko ndiko viliko vijiji vya habari hii. Vinavyojulikana zaidi ni Pyrgi, Mesta na Olympi. Vilijengwa zaidi ya miaka 500 iliyopita, na watu wangali wakikaa ndani yake hata leo. Mgeni avifikiapo mara ya kwanza hustaajabu, kwa kuwa haoni nyumba hii na nyumba ile, kila moja na ua wake. Huona ukuta mmoja mrefu wa mawe, kana kwamba kijiji kizima ni nyumba moja.

Asili ya ukuta huo ni mti mdogo uitwao mastiki. Mti huu hauwi mrefu. Kwa kawaida hupita kimo cha mtu kidogo tu, na shina lake limepindika. Gome lake likikatwa hutoa matone ya utomvu, na matone hayo yakikauka huwa magumu, maangavu, yenye harufu nzuri. Yafanana na ubani kwa kuyatazama, lakini mastiki hutafunwa. Tangu zamani za kale watu waliitafuna ili kusafisha kinywa na kutuliza tumbo, na Waturuki na Waarabu huitia katika vyakula vitamu. Miti ya jamii hiyo huota katika nchi nyingi zilizo kando ya Bahari ya Mediterania, lakini utomvu wake umevunwa kusini mwa Chios kupita mahali pengine po pote. Kwa sababu hiyo bei yake ilikuwa kubwa. Christopher Columbus, katika barua ya mwaka 1493, aliandika kwamba mastiki haijapata kuonekana ila Chios, na kwamba wenye kisiwa huiuza kwa bei waipendayo wenyewe.

Wenye kisiwa wakati huo walikuwa wafanya biashara wa mji wa Genoa katika Italia. Walikitwaa Chios mwaka 1346, wakakitawala hata mwaka 1566. Bahari ile ilikuwa na maharamia wengi, ambao walishuka pwani ghafula, wakanyang'anya mali na kuteka watu ili kuwauza utumwani. Mkulima aliyekaa peke yake shambani hakuwa na wa kumsaidia. Basi wakulima wa vitongoji vidogo walikusanywa pamoja katika vijiji vikubwa, na vijiji hivyo vikajengwa kwa namna ya boma.

Ujenzi wake ulikuwa wa akili nyingi. Nyumba za ukingoni zilishikamanishwa, ubavu kwa ubavu, na migongo yake ikawa ndiyo ukuta wa kijiji. Katika migongo hiyo hapakuwa na mlango wala dirisha. Pembeni ilisimamishwa minara ya walinzi. Njia za kuingia zilikuwa chache, nazo zilifungwa kwa milango yenye nguvu jua lilipokuchwa. Ndani, vijia vilikuwa vyembamba na vya kupinda-pinda, vingine vikiishia ukutani, ili adui aliyebahatika kuingia apotee njia. Juu ya vijia hivyo yalijengwa matao ya mawe, yakaziunganisha nyumba za upande huu na za upande wa pili. Mapaa yalikuwa bapa na ya kimo kilichokaribiana, hata watu waliweza kukimbia juu yake toka nyumba hata nyumba bila kukanyaga chini. Katikati ya kijiji ulikuwapo mnara mkubwa, ambao mlango wake ulikuwa juu, haufikiwi ila kwa ngazi ya kuondolewa. Huko ndiko walikokimbilia watu hatari ilipozidi.

Kila nyumba ilikuwa na sehemu mbili. Chini walikaa punda na mbuzi, na humo ziliwekwa pia akiba za mafuta, divai na nafaka. Juu walikaa watu wenyewe. Nyumba hazikuwa kubwa, na mwanga ulikuwa haba. Lakini mtu alilala akijua kwamba jirani yake yuko nyuma ya ukuta ule ule.

Hapo ndipo palipokuwa na jambo kubwa la vijiji hivi. Mtu akiwa na nyumba yake mbali na wenzake, ukuta wake ukipasuka hasara ni yake mwenyewe. Lakini katika kijiji kama Mesta, mgongo wa nyumba ya mmoja ulikuwa ngao ya wote. Mtu mmoja mvivu, aliyeuacha ukuta wake ubomoke, aliwafungulia maharamia mlango wa watoto wa jirani zake. Waswahili husema, "Mchuma janga hula na wa kwao," na katika vijiji hivi neno hilo lilikuwa kweli kwa mawe na chokaa.

Lakini ukuta ule ulikuwa na uso wa pili. Watawala wa Genoa hawakuwalinda wakulima kwa huruma peke yake, waliilinda mastiki. Utomvu wote ulikuwa mali yao. Mkulima hakuwa na ruhusa ya kumwuzia mtu mwingine, na aliyeiba alipewa adhabu kali kwa kadiri ya alichoiba, hata kunyongwa. Milango iliyomzuia haramia asiingie ilimzuia pia mkulima asitoke usiku na mzigo wake. Methali yasema, "Mchumia juani hulia kivulini." Watu wa vijiji vile walichumia juani, na waliolia kivulini walikuwa wengine.

Mwaka 1566 Waturuki waliwaondoa watu wa Genoa, na vijiji vikaanza kulipa kodi kwa Sultani, kodi yenyewe ikiwa ni mastiki. Mwaka 1822, Wayunani walipokuwa wakipigania uhuru wao, jeshi la Sultani lilikishambulia kisiwa kwa ukatili mkubwa. Makumi ya maelfu ya watu waliuawa au kuuzwa utumwani. Vijiji vya kusini viliachwa kwanza kwa ajili ya utomvu wake, lakini baadaye navyo vikapigwa. Kisha mwaka 1881 likatokea tetemeko kubwa la nchi, likaua maelfu ya watu na kubomoa majumba mengi kisiwani. Hata hivyo nyumba za Mesta, zilizoegemeana, nyingi zilibaki zimesimama. Mwaka 1912 Chios kiliingia katika nchi ya Uyunani.

Maharamia walikuwa wamekwisha toweka, na watu wa genge moja la mawe sasa walikuwa huru. Katika Mesta mnara wa katikati ulikuwa umebomolewa, na mahali pake likajengwa kanisa kubwa, lililokamilika mwaka 1868. Katika Pyrgi watu huzipamba nyumba zao kwa namna isiyo ya kawaida. Fundi hupaka ukutani lipu yenye mchanga mweusi, kisha juu yake hupaka chokaa nyeupe. Na kabla chokaa haijakauka huikwangua kwa chuma, hata yatokee maumbo meusi na meupe ya pembe tatu, pembe nne na duara. Ukuta uliojengwa kwa hofu umekuwa pambo la macho.

Lakini uhuru peke yake haukumtajirisha mkulima. Wafanya biashara walimjia mmoja mmoja, na kila mmoja, kwa kuwa alikuwa peke yake na mwenye shida, alikubali bei ndogo. Ndipo mwaka 1938 ulipoanzishwa muungano wa vyama vya wakulima wa mastiki, ambao umekusanya vyama 20 kutoka vijiji 24. Tangu hapo utomvu ulikusanywa na kuuzwa pamoja. Huo nao ulikuwa ukuta mmoja, lakini ukuta wa namna mpya: wakulima waliujenga kwa faida yao wenyewe, na mlango wake waliushika wao.

Kazi yenyewe bado ni ya mikono. Wakati wa kiangazi mkulima hupalilia na kufagia chini ya kila mti mpaka pawe safi kama sakafu, kisha hunyunyiza udongo mweupe laini, ili matone yatakayoanguka yasichafuke. Katika mwezi wa Julai huanza kutia chale ndogo ndogo katika gome kwa chuma chenye ncha. Chale zikizidi, mti hudhoofika. Zikipungua, mavuno huwa haba. Matone huachwa majuma mawili au zaidi yakauke, ndipo hukusanywa. Mti wa kawaida hautoi hata nusu ratili kwa mwaka. Wakati wa baridi wanawake hukaa pamoja, majirani na ndugu, wakiichekecha mastiki, wakiiosha na kuikwangua uchafu kwa visu vidogo, punje moja moja, huku wakizungumza.

Mwezi wa Agosti mwaka 2012 moto mkubwa ulizuka kusini mwa kisiwa, ukateketeza maelfu ya miti ya mastiki. Hasara hiyo si ya mwaka mmoja. Mti mpya hupandwa kwa tawi lililokatwa katika mti wa zamani, nao hukaa kama miaka mitano kabla ya kutoa utomvu wa kwanza, na miaka mingi zaidi kabla ya kukomaa. Mzee apandaye hujua kwamba anampandia mjukuu. Lakini wajukuu wengi wamekwenda mijini au baharini kutafuta kazi, na baadhi ya nyumba hazina mtu. Nyumba isiyokaliwa huvuja, ikivuja hupasuka, na ikipasuka, ya jirani nayo huanza kuegemea.

Mwaka 2014 shirika la UNESCO liliuingiza ujuzi wa kulima mastiki katika orodha ya urithi wa wanadamu. Heshima hiyo ni kubwa, lakini orodha haipalilii shamba wala haizibi ufa. Vijiji hivi viliokoka mbele ya maharamia kwa sababu kila mtu aliutunza mgongo wa nyumba yake kwa ajili ya mwenzake. Vitaendelea kusimama maadamu wako watu wa kufanya vivyo hivyo.

Maswali

1. Kwa nini nyumba za ukingoni hazikuwa na madirisha upande wa nje?
2. Eleza jinsi watu walivyoweza kufika kwenye mnara bila kupita njiani.
3. Ukuta wa kijiji uliwafaa wakulima kwa namna gani, na uliwadhuru kwa namna gani?
4. Muungano wa mwaka 1938 wafanana na ukuta wa kale kwa jambo gani, na watofautiana nao kwa jambo gani?
5. Kwa nini hasara ya moto wa mwaka 2012 si hasara ya mwaka mmoja?