Mahindi yanapojikunja majani mchana

Katikati ya vuli mvua hukatika, wiki moja au mbili za jua kali. Ukiingia shambani saa nane mchana unayakuta majani ya mahindi yamejikunja kama mikeka, na wengi hukimbilia mfuko wa urea. Nakuomba usubiri.

Jani hujikunja ili sehemu ndogo tu ipigwe na jua. Ulinzi mkubwa zaidi hauonekani kwa macho. Udongo ukikauka, mizizi na majani hutengeneza homoni iitwayo asidi ya absisiki. Jani lina vitundu vidogo sana vya kupitisha hewa, stomata, na kila kitundu kinalindwa na seli mbili. Ndani ya seli hizo mna protini pokezi, ambazo wanasayansi walizitambua mwaka 2009. Homoni ikizishika, nazo hukamata protini nyingine ambazo kazi yake ni kuzuia kitundu kisifungwe. Basi potasiamu hutoka ndani ya seli, maji huifuata, seli hulegea, kitundu hufungwa. Yote hayo ni kazi ya dakika chache.

Lakini kitundu kikifungwa, hewa ya kabonidayoksaidi haiingii na sukari haitengenezwi. Mmea unaokoa maji huku ukishinda njaa. Ukame ukiingia wakati wa kuchanua, ndevu za hindi huchelewa kutoka ilhali mbelewele inamwaga chavua, ndipo unapovuna magunzi yenye mapengo. Mwenye maji kidogo ya kumwagilia ayatunze kwa wiki mbili kabla ya mbelewele na mbili baada yake.

Majani yakikunjuka jioni, mmea bado unajimudu. Yakibaki yamejikunja hadi asubuhi, hali ni mbaya. Palilia, jembe lipite juujuu, maana magugu yanakunywa maji yaleyale. Urea katika udongo mkavu mizizi haiwezi kuichukua, na umande ukiiyeyusha juu ya ardhi, sehemu yake hupaa ikiwa amonia. Ingoje mvua, kisha uifukie.

Na ile potasiamu inayoendesha vitundu? Shamba lililopungukiwa nayo huumia zaidi kwa ukame, na sehemu kubwa ya potasiamu ya mahindi imo kwenye mabua, si kwenye punje. Kila mwaka tunayatoa mabua yote shambani. Ndugu mkulima, msimu huu bakiza angalau nusu, uyatandaze kati ya mistari.