Jogoo anaweza kulinda kuku na kipanga?

Ndugu wafugaji, mama mmoja wa kooperative huku Kabare aliniuliza: "Agronome, niongeze jogoo wa pili? Nilikuwa na vifaranga 11, kipanga ameniachia 4." Nilimujibu asiuze mahindi yake kwa kununua jogoo.

Kazi ya jogoo si kupigana, ni kuangalia. Mumuchunguze vizuri: anainamisha kichwa upande, jicho moja linatazama juu. Akiona kipanga anatoa sauti ya pekee, si ile ya kukatakata anayopigia mbwa ao paka. Kuku wakubwa wakiisikia wanakimbilia kichakani ao wanalala chini kimya. Lakini kama kiwanja kimefyekwa cheupe, watakimbilia wapi? Hapo jogoo amelia bure.

Tena kipanga anashuka mara moja, anabeba kifaranga, anaenda. Mara nyingi mama yao ndiye anamurukia. Jogoo yuko mbali na matetea wengine. (Wanaume wa namna hiyo tunawajua, tuendelee.)

Jogoo mmoja kwa matetea 10 anatosha, wakizidi watapigana wenyewe. Vifaranga muvifunike chini ya kitunga kikubwa pamoja na mama yao mpaka wiki 6, maji na chakula humo humo, na jiwe juu ya kitunga. Migomba karibu na nyumba musiikate: chakula cha asubuhi mukimwage chini yake, si katikati ya kiwanja.

Yule mama amekwisha kusuka vitunga 2.