Seva Ikijaa Faili za Muda, Risiti Hukwama

Mfanyabiashara amelipia leseni kwa simu, ujumbe wa M-Pesa umeingia, lakini dirishani anaambiwa malipo yake hayaonekani. Lawama huiendea intaneti. Wakati mwingine kosa liko kwenye seva: diski imejaa.

Seva ya hifadhidata haihifadhi rekodi za malipo pekee. Mhasibu anapoitisha ripoti ya makusanyo ya mwaka mzima, wadi kwa wadi, rekodi hizo hupangwa kwanza kwenye memori. PostgreSQL, mojawapo ya programu za hifadhidata zinazotumika sana duniani, hutenga MB 4 tu kwa kila hatua ya kupanga, isipokuwa msimamizi aongeze. Kinachozidi humwagwa kwenye diski kama faili za muda, tena bila kikomo. Ripoti moja iliyoandikwa vibaya yaweza kuimaliza diski, na malipo mapya yakakosa pa kuandikwa.

Ugumu uko hapa. Diski ikijaa, ripoti hukatizwa na faili zake hufutwa papo hapo. Fundi akifika hukuta nafasi tele, huizima seva na kuiwasha, kisha mwisho wa mwezi tatizo hurudi. Hiyo si tiba. Msimamizi awashe log_temp_files, ambayo huja ikiwa imezimwa, ili daftari la seva lionyeshe ni ripoti gani iliyozaa faili hizo. Kisha aweke kikomo kwa temp_file_limit, ripoti ikwame peke yake badala ya kukwamisha dirisha zima.

Kwenye Linux, amri ya df ikionyesha diski imejaa ilhali du inahesabu faili chache, huenda kuna faili iliyofutwa huku programu ingali imeishikilia. Nafasi hairudi hadi iachiliwe. Lsof humtaja mshikaji.

Kufuta ovyo ni hatari zaidi. Faili za pg_wal huonekana kama takataka, kumbe ndimo mabadiliko ya karibuni yalimoandikwa. Zikifutwa, malipo yaweza kupotea kweli.

Naye mkazi aliyekwama dirishani asifute ujumbe wa M-Pesa. Msimbo wake wa herufi na tarakimu 10 ndio utakaotumika kuyatafuta malipo, na asilipe mara ya pili kabla msimbo huo haujakaguliwa.