Chujio la plastiki la jikoni: kagua kabla ya kununua, hasa sisi wa baridi

Najua umezoea nikikuandikia habari za ukungu wa viazi, mbolea ya kupandia mahindi na wanunuzi wa parachichi wanaokuja na mizani yao. Leo tunaingia jikoni. Jamaa yangu mmoja nilipomwambia somo la wiki hii ni chujio la plastiki alicheka, akasema, "Bwana shamba, sasa umeishia kwenye vyombo?" Nikamwambia ndiyo, na sababu ninayo.

Mwaka jana mwezi wa saba nilikuwa na kikundi cha akina mama, kijiji kimoja kati ya Njombe na Makambako. Tulikuwa na somo la chakula cha watoto: viazi mviringo vya kuponda na maharage, pamoja na mboga za majani zinazooshwa kabla ya kukatwa na siyo baada. Vyombo vya somo nilinunua mwenyewe. Nilishuka Makambako, nikaona machujio yamepangwa chini, yanang'aa kama kioo, shilingi 1,500 kila moja. Nikachukua sita bila kuuliza kitu.

Siku ya somo mama mmoja alishika chujio kwa mkono juu ya beseni, mwenzake akamimina viazi vya moto. Kitako kikaachia. Halikuyeyuka wala halikupinda, lilipasuka tu, paa! Viazi na maji yake vikamwangukia mguuni, naye alikuwa amevaa kandambili. Wenzake wakakimbilia unga na dawa ya meno. Bahati nzuri bomba lilikuwa karibu, nikawazuia, tukaweka mguu kwenye maji ya bomba yanayotiririka kwa dakika 20 kamili ndipo tukafunika na kitambaa safi na kumpeleka zahanati. (Hilo nalo lishike: moto ukikuunguza, maji ya kawaida yanayotiririka dakika 20. Unga, mafuta na dawa ya meno hapana.)

Alikaa wiki mbili bila kwenda shambani, na huo ndo wakati wa kuvuna mahindi. Nilipoenda kumpa pole aliniambia kwa upole kabisa, "Bwana shamba, mbegu unatuambia tukague kila siku. Chujio wewe hukulikagua?" Sikuwa na jibu. Chujio nilichagua mimi.

Basi nikalirudia lile chujio kama ninavyokagua mbegu. Chini yake kulikuwa na pembetatu ndogo ya mishale, ndani yake namba 6. Tuanzie hapo.

Ile pembetatu inakuambia chombo kimetengenezwa kwa plastiki ya aina gani. Haikuhakikishii kwamba ni salama kwa chakula, watu wengi wanachanganya hapo. Kwa chujio la kila siku tafuta namba 5. Hiyo ni polipropilini, plastiki inayovumilia maji ya moto vizuri, maana inayeyuka kwenye nyuzijoto 160 hivi. Ukikosa namba 5, namba 2 inafaa, hiyo ni polietilini nzito, jamii moja na madumu mengi ya njano ya kubebea maji. Inalainika mapema kidogo kuliko namba 5, lakini ni ngumu kupasuka, na kwa kuoshea mboga, kuchuja maharage yaliyolowekwa na kuchuja viazi inatosha. Namba 6 ni polistairini. Ni nzuri kwa macho, imenyooka, inang'aa, lakini haipindi, inavunjika. Tena huanza kulegea kati ya nyuzijoto 90 na 100.

Hapa kwetu kuna jambo la kuongeza. Njombe mjini tuko juu, mita 1,900 hivi kutoka usawa wa bahari, na kila unapopanda mita 300 kiwango cha maji kuchemka kinashuka karibu nyuzi 1. Maana yake maji yetu yanachemka kwenye nyuzi 93 au 94, si 100 kama Dar es Salaam. Ndiyo maana maharage yetu yanakula kuni nyingi, na ndiyo maana nawasisitiza kuloweka usiku kucha. Unaweza kudhani basi maji yetu ni rafiki zaidi wa plastiki. Kwa namba 5, ndiyo. Kwa namba 6 bado uko kwenye eneo la hatari.

Sasa chombo kingine hakina namba kabisa, au imefutika. Hapo tumia ndoo ya maji. Zamisha chujio lote mpaka matundu yajae maji, kisha liachie. Namba 5 na namba 2 ni nyepesi kuliko maji, zitapanda juu. Namba 6 itabaki chini, na namba 3 nayo itazama. Kuna angalizo moja: plastiki nzuri iliyochanganywa chokaa nyingi ili kupunguza gharama inaweza nayo kuzama, ila hata hiyo mimi siitaki, inavunjika upesi. Kwa hiyo kinachozama acha. Jaribio la pili ni kugonga kwa kucha. Polistairini inalia kwa sauti kali ya juu, kama bilauri. Zile nyingine zinatoa sauti ya chini, iliyofifia. La tatu ni kubana ukingo taratibu kwa vidole viwili. Chombo kizuri kinakubali, kinarudi. Ukiona sehemu uliyobana imekuwa nyeupe kidogo usiogope, aina fulani za namba 5 zilizo imara zinafanya hivyo. Ogopa sauti ya kukatika.

Halafu nusa. Ndiyo, weka pua ndani kabisa. Plastiki mpya nzuri haina harufu ya kuzungumzia. Ukisikia harufu ya mafuta ya taa, sabuni ya zamani au moshi, hiyo imerudishwa kiwandani kutoka kwenye mabaki ambayo hujui yalibeba nini. Dalili nyingine ni vidoa vya rangi tofauti ndani ya plastiki na rangi nzito ya giza. Nyeusi ndiyo inaficha zaidi, kila taka ya rangi yoyote inaweza kuingia humo. Kwa chakula cha moto nachagua nyeupe au rangi nyepesi. Angalia pia kama kuna alama ya bilauri na uma, maana yake mtengenezaji anasema ni chombo cha chakula, na kama kuna alama ya TBS ni bora zaidi.

Kuhusu umbo, mambo ni machache ila ndiyo yanayoamua chombo kitadumu miaka mingapi. Ukingo wa juu uwe umekunjwa na mnene. Ukingo mwembamba kama karatasi utapasuka hapo hapo kwanza. Mishikio iwe miwili, na iwe imeumbwa pamoja na chujio lenyewe. Ya kupachika achana nayo, ukibeba kilo tatu za viazi vilivyolowa mshikio wa kupachika unang'oka. Kitako kiwe na miguu au pete ya kuinua, ili chujio likikaa kwenye beseni mboga zisirudi kulala kwenye maji machafu uliyoyatoa. Inua chujio kwenye mwanga: ukiona sehemu zinapitisha mwanga sana na nyingine kidogo, unene hauko sawa, na litaanzia kupasuka pale pembamba. Pitisha kidole kwenye matundu. Yakiwa na vinyuzi vya plastiki vinavyoning'inia, vitakatika viingie kwenye chakula.

Ukubwa wa matundu unategemea unachopika. Kwa mchele uwe karibu milimita 2, zaidi ya hapo chenga zote zinakwenda na maji. Kwa chainizi, figiri, majani ya maboga na viazi, matundu makubwa ni bora kwa sababu mchanga unatoka na kuosha chombo ni rahisi. Nyumbani kwangu mama watoto ameweka mawili, na la tatu dogo ni la kuku na nyama mbichi peke yake. Hilo la tatu nilidhani ni anasa mpaka aliponiuliza kama ningeosha kachumbari kwenye maji ya kuku.

Kuna adui wawili wa chujio hapa Njombe ambao muuzaji hatakuambia.

Wa kwanza ni baridi. Polipropilini ya kawaida ikikaribia nyuzi sifuri inakuwa ngumu na kukatika kirahisi. Mwezi wa sita na wa saba, umande ukiganda kwenye majani mabondeni, chujio lililolala nje kwenye kichanja cha vyombo ukilidondosha asubuhi linapasuka, wakati mchana lingeruka tu. Hapo namba 2 inaishinda namba 5, inavumilia baridi zaidi. Ukiwa unaishi sehemu ya baridi kali na jikoni lako liko nje, fikiria namba 2.

Wa pili ni jua, na huyu ndiye mbaya zaidi. Jua la mwinuko ni kali hata kama huhisi joto, na linavunja plastiki polepole kutoka juu. Utaona chombo kimepauka, ukikipapasa kinaacha vumbi jeupe kidoleni, kisha nyufa ndogo. Kikifika hapo kimekufa, hata kama bado kina umbo. Mkulima wa umwagiliaji anajua: mabomba meusi yanadumu juani kwa sababu yamechanganywa masizi maalumu yanayozuia mionzi. Chujio lako halina kinga hiyo. Kwa hiyo vyombo vya udongo na masufuria vikae kichanjani juani, chujio lianikwe kivulini penye upepo. Makambako upepo haukosekani, litakauka upesi.

Na sasa jambo ambalo naomba usilisahau hata ukisahau namba zote. Usichuje chakula kinachotoka kwenye mafuta kwa chujio la plastiki. Mafuta ya kukaangia chipsi au maandazi yanafika nyuzi 170 hadi 180. Hata namba 5 inayeyuka kabla ya hapo. Nimeona vijana wa chipsi stendi wanaokota kwa plastiki, na matundu ya chombo chao yameshaungana. Plastiki iliyokuwa kwenye yale matundu imekwenda wapi? Tumeila. Kwa mafuta tumia chujio la chuma. Vivyo hivyo usiegemeze chujio kwenye jiko la mkaa au ukingo wa sufuria iliyotoka kwenye kuni sasa hivi.

Kuchuja viazi: chujio likae ndani ya beseni lililo chini au mezani, lisishikwe mkononi. Mimina taratibu ukielekeza mvuke mbali nawe, na watoto wawe nje. Hili tungelifanya siku ile, hata chujio baya lisingemuumiza mtu.

Kuosha ni kwa dodoki na sabuni. Mchanga na stilwaya vinachora mikwaruzo, uchafu unaingia humo na hautoki tena.

Bibi yangu alikuwa na kikapu kidogo cha mianzi cha kuoshea mboga, kilidumu kuliko plastiki yoyote niliyowahi kununua. Sikidharau. Shida yake ni kwamba kisipokauka vizuri kinaota ukungu, na kipindi cha mvua kwetu kukausha ni kazi. Kwa mboga kavu na mayai, mianzi bado ni mfalme.

Chujio likipasuka usilishone kwa waya ukaendelea kumiminia vya moto. Usilichome pia, moshi wake si mzuri kwa wanaokaa karibu na jiko. Weka udongo wenye mboji, otesha kotimiri au vitunguu vya majani karibu na mlango wa jiko. Matundu yanatoa maji yaliyozidi, mizizi haiozi. Litapauka mwisho wa siku, ila msimu mmoja au miwili utakuwa umevuna.

Mwezi uliopita kikundi kilichanga fedha, tukashuka pamoja Makambako kununua machujio mapya. Yule mama aliyeungua alikuwa mbele, mguu umepona ila kovu lipo. Akamwomba muuzaji ndoo ya maji. Muuzaji akamletea, akamtazama anavyozamisha chujio moja baada ya jingine, akashindwa kuvumilia: "Mama, unanunua machujio au unayabatiza?" Matano yalipanda juu. Mawili yakabaki chini, akayarudisha mezani bila kusema neno. Tukalipa shilingi 3,500 kila moja, baada ya kupunguziwa.