Tembo wa Selous na wa Kilombero

Mashariki ya Ifakara lipo pori kubwa la Selous, ambalo sehemu yake kubwa tangu mwaka 2019 huitwa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere. Upande wa pili iko milima ya Udzungwa. Tangu zamani tembo walivuka bonde la Kilombero baina ya pori na milima, wakifuata njia walizoonyeshwa na mama zao.

Mwaka 1976 tembo wa Selous na maeneo ya jirani walihesabiwa kutoka angani, wakakadiriwa kuwa 109,000. Kisha bei ya pembe ikapanda ng'ambo, na majangili wakaingia na bunduki. Hata kufika mwaka 1989 haikubaki theluthi moja. Ndipo serikali ilipotuma askari, polisi na walinzi wa wanyama katika Operesheni Uhai, na mwaka huo huo mataifa yakakubaliana kuzuia biashara ya pembe. Tembo wakaongezeka, na mwaka 2006 walikadiriwa kuwa kama 70,000. Watu wengi walidhani shauri limekwisha. Kumbe ujangili ulirudi, na mwaka 2013 walionekana 13,000 tu: katika kila tembo watano, wanne wametoweka! Hesabu ya mwaka 2018 ilipata zaidi ya 15,000.

Mbona wanarudi polepole hivi? Tembo jike huchukua mimba miezi 22, naye huzaa mtoto mmoja, kisha hukaa miaka minne au mitano kabla ya kuzaa tena. Fanyeni hesabu: akianza kuzaa akiwa na miaka 13, na kuzaa kila baada ya miaka mitano, hata afikapo miaka 40 atakuwa amezaa watoto sita tu. Jangili hupenda wakubwa kwa sababu ya pembe zao. Lakini tembo jike mzee ndiye ajuaye maji yalipo wakati wa kiangazi. Akiuawa, kundi zima hubaki bila kiongozi.

Siku hizi bondeni kuna shida nyingine. Mashamba ya mpunga na ya miwa yamezifunga njia nyingi, na tembo apitaye usiku humaliza chakula cha mwaka cha jamaa nzima. Mwenye shamba ana haki ya kulalamika. Huko Mang'ula wakulima wengine wametundika mizinga ya nyuki kando ya mashamba, imeunganishwa kwa waya. Tembo akiugusa waya, mizinga hutikisika na nyuki hutoka. Naye huwaogopa sana, maana humchoma penye macho na ndani ya mkonga. Asali huwa ya mwenye shamba.